Kipande cha Juu

Karakana yangu iko njia ya Malaba, Tororo,
pale malori ya saruji yanapopunguza mwendo.
Vumbi lake hutuangukia bure, kutwa.
Okecho, msaidizi wangu, husema
sisi tunazikwa rejareja.

Nina tindo saba, nyundo mbili, timazi,
na daftari la marehemu Fundi Obbo,
aliyenakili alama kwa penseli
katika makaburi ya zamani kule Jinja:
njiwa anayetazama chini,
kitabu kilichofunguliwa, kurasa hazina neno,
mwanakondoo aliyelala (huyo ni wa watoto,
sipendi kumchonga, na huwa simalizi macho),
mikono miwili iliyoshikana.
Angalia vidole, aliandika pembeni,
ule uliolegea ndio wa anayeondoka.

Herufi ni za namna mbili.
Za kuinuka, mvua huzila.
Za kuzama, mvua huzijaza, kuvu ikaota humo,
ukapata jina la kijani.
Wateja huchagua kwa bei.
Mimi huwashauri za kuzama:
ukipofuka, utasoma kwa kidole.

Mzee Marjan, jirani yangu Mnubi,
hana haja na daftari.
Kwao kuna mwanandani, kiunza, udongo, basi.
Kijiwe cha kichwani, kisicho na jina,
yeye hukiita shahidi.
Nikamuuliza, shahidi gani huyu, hasemi kitu?
Akapuliza chai yake.
"Shahidi msemaji sana," akasema, "amenunuliwa."

Nyaburu alikuja wakati wa kuvuna wimbi.
Mwanawe, miaka ishirini na minne, golikipa,
alikuwa akiinamia kila mlango wa nyumba yake.
Akafunua kurasa taratibu, akapita msalaba,
akapita taji, akapita njiwa,
akaweka ukucha kwenye nguzo iliyovunjika.
"Hii ni ya nani?"
Ya aliyekatika kabla ya dari, nikamwambia.
Akasimama wima, akaweka kiganja utosini pake.
"Basi mvunje hapa. Hapa ndipo nilipomfikia."

Ningeweza kumwaga kalibu nusu.
Saruji ingepungua, kokoto zingepungua.
Lakini Obbo alinifunza:
nguzo iliyovunjika lazima kwanza iwe nzima.
Nikaisimamisha futi sita na nusu,
mifereji kumi na sita, nikaisugua kwa msasa na maji
mpaka Okecho akajiona meno.
Kisha nikachukua nyundo kubwa.
Siku ile sikula.

Baba zake wadogo walikuja na futi kamba.
Wakapima, wakapima tena,
mmoja akapiga hesabu juu ya kiganja.
"Fundi, tulilipia nzima.
Futi moja na nusu zetu ziko wapi?"
Nikawaeleza maana. Wakasema maana haina risiti.
Tukagombana hadi jua likaingia nyuma ya Mwamba.

Miaka minne baadaye alirudi peke yake,
miguu imevimba, anatafuta bei ya jiwe lake mwenyewe.
Nikamvutia kigoda, kama ninavyomvutia kila mteja.
Akakaa. Nikafungua daftari.
Nikasema terazo ni kiasi hiki, vigae ni kiasi hiki,
herufi thelathini za kwanza ni bure.
Hakunisikia.
Mkono wake ulikuwa chini, pembeni mwa goti,
unazunguka, kidole kinaingia mfereji,
kinatoka, kinaingia mwingine.
"Kumi na sita," akasema.

Lori likapita. Likaja jingine.
Nilitaka kusema samahani,
nikasema, ulikuwa imara mno, nisingeweza kuutupa.

Hakuinuka.
"Wangapi wameukalia?"
Wengi, mama.
"Walilia?"
Wengine. Wengi walikuwa wanapunguza bei.

Akacheka, kicheko kifupi, kikavu kama msasa.
"Langu liwe tupu. Usiniandikie hata mwaka.
Hiki tu, kilaze juu yangu.
Kilaze, usikisimamishe. Amechoka kusimama."

Sikuandika risiti.
Tangu siku ile, katika karakana yangu,
watu hujadili bei wakiwa wamesimama.